Bluberi Mwitu: Shamba Lisilopandwa

Kaunti ya Washington, katika jimbo la Maine kaskazini-mashariki mwa Marekani, ina maelfu ya ekari za mashamba ya matunda ambayo hakuna mtu aliyeyapanda. Hakuna kitalu, hakuna mbegu ya dukani, hakuna mistari. Hata hivyo, kila mwezi Agosti mashamba hayo hutoa mamilioni ya kilo za matunda madogo ya buluu. Mmea wenyewe ni bluberi mwitu, kwa jina la kisayansi Vaccinium angustifolium, kichaka kifupi ambacho aghalabu hakimfikii mtu magotini. Anayetaka kuuelewa mmea huu aanzie chini ya udongo, maana huko ndiko sehemu yake kubwa iliko.

Vijiti vyenye majani vinavyoonekana juu ni machipukizi tu. Chini yake, sentimita chache ndani ya ardhi, limetambaa shina jembamba gumu kama la mti, linalosambaa kama la tangawizi. Kila linapopita hutoa mizizi na machipukizi mapya. Mbegu moja iliyodondoshwa na ndege yaweza, baada ya miaka mingi, kuenea mita kadhaa kila upande, na machipukizi hayo yote yakawa bado ni mmea mmoja. Shamba moja lina mimea mingi ya jinsi hiyo iliyopakana, na tofauti zake huonekana kwa macho: huu una matunda meusi tititi, jirani yake ana ya buluu hafifu, huu umeiva, ule bado. Baridi inapokaribia majani hugeuka mekundu, na kwa kuwa kila mmea una wekundu wake, mtu aliyesimama pembeni anaweza kuona mmoja unapoishia na mwingine unapoanzia.

Udongo wake ni ule ambao mkulima wa mahindi angeukataa. Barafu kubwa iliyofunika eneo lile ilipoyeyuka, zaidi ya miaka elfu kumi iliyopita, iliacha mchanga na kokoto visivyoshika rutuba. Juu ya hayo, ni udongo mchachu sana, wenye pH ya kati ya 4 na 5. Sisi wa Afrika Mashariki tukikuta shamba lenye uchachu tunamwaga chokaa. Wakulima wa Maine hufanya kinyume, wanamwaga salfa ili uchachu uzidi. Magugu na nyasi nyingi haziuwezi uchachu huo, ila bluberi inauweza kwa sababu ina mshirika. Mizizi yake midogo, iliyo myembamba kupita kiasi, hukaliwa na kuvu. Kuvu hao huvunjavunja mabaki ya majani yaliyooza na kuupatia mmea naitrojeni ambayo usingeweza kuifikia peke yake. Mmea nao huwalipa kwa sukari.

Uhusiano wa mmea huu na moto ndio unaostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Porini, bluberi mwitu huishi kwenye kivuli cha misonobari na miti mingine, ikizaa kidogo sana. Moto ukipita, miti hufa na mwanga hushuka hadi chini, lakini shina lililofichwa udongoni hubaki salama na kuchipua kwa nguvu. Huko Quebec, Kanada, moto mkubwa wa mwaka 1870 uliteketeza misitu ya eneo la Saguenay na Lac-Saint-Jean na kuwaacha walowezi bila kitu. Kwenye majivu hayohayo bluberi ilistawi kwa wingi, ikawa chakula na biashara, hata wakazi wa huko wakapewa jina la utani la tunda hilo. Bado wanaitwa hivyo.

Lakini muda mrefu kabla ya walowezi, wenyeji wa asili wa mataifa ya Wabanaki, wakiwemo Wapassamaquoddy na Wami'kmaq, walikuwa wakichoma maeneo yenye bluberi kwa makusudi ili yazae. Walikula matunda mabichi na kuyakausha kwa ajili ya majira ya baridi. Kilimo cha leo kimejengwa juu ya ujuzi huo. Mwenye shamba husafisha miti mahali ambapo mmea upo tayari, kisha kila baada ya miaka miwili huchoma au hufyeka juu ya ardhi hadi pabaki patupu. Wakichoma huchagua wakati ardhi bado ina unyevunyevu au imeganda, ili moto upite juu haraka, uunguze vijiti vikuukuu na wadudu na kuvu waharibifu walio kwenye takataka, bila kugusa shina la chini. Siku hizi wengi hutumia mashine ya kufyekea kwa sababu mafuta na majani makavu ya kuchomea ni ghali, ingawa kufyeka hakusafishi magonjwa kama moto usafishavyo.

Mwaka wa kwanza baada ya hapo hakuna mavuno. Machipukizi mapya yanasimama, na kufikia mwisho wa kiangazi yanaweka matumba ya maua nchani. Matumba hayo hulala chini ya theluji, na mwaka wa pili, Mei na Juni, huchanua. Hivyo mkulima hugawa shamba lake nusu kwa nusu: moja inazaa, nyingine inajijenga.

Ua lake ni dogo, jeupe au lenye waridi kidogo, na huning'inia likielekeza mdomo chini. Chavua imefungiwa ndani ya vifuko vyembamba vyenye tundu dogo nchani, na upepo hauwezi kuitoa. Nyuki-bambi, wale nyuki wanene wenye manyoya wa nchi za baridi, wanajua namna. Hulikumbatia ua, hutuliza mabawa, kisha hutetemesha misuli ya kifua kwa kasi hadi chavua ikawadondokea tumboni. Huku kwetu nyuki-seremala hufanya kazi hiyohiyo kwenye maua ya nyanya. Nyuki wa asali hawezi kutetemesha hivyo, lakini wakulima hukodi mizinga yao kwa maelfu, kwa vile wingi wao hufidia udhaifu huo. Na haitoshi chavua kutoka. Chavua ya mmea uleule haizai vizuri, kwa hiyo lazima nyuki avuke hadi kwenye mmea mwingine. Wingi wa mimea tofauti katika shamba moja ndio unaoleta mavuno.

Uvunaji ulibadilika mwaka 1883, Abijah Tabbutt wa Columbia Falls huko Maine alipobuni reki ya bluberi: kikasha cha bati chenye mpini juu na safu ya meno marefu mbele. Mvunaji huinama, huyapenyeza meno chini ya matunda, kisha huinua na kuzungusha kiganja. Matunda hubaki kikashani, majani hubaki kwenye mmea. Katika ardhi tambarare mashine zimechukua kazi hiyo, ila penye mawe na miteremko reki bado ipo. Familia za Wami'kmaq na Wapassamaquoddy zimekwenda kuvuna huko kwa vizazi vingi. Baada ya sheria ya mwaka 1980 iliyomaliza madai yao ya ardhi, Wapassamaquoddy walinunua shamba lao la bluberi katika kaunti hiyohiyo ya Washington.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anayekuta bluberi mbichi kwenye vikasha vya supermaketi ajue kwamba hiyo siyo hii. Ile ni bluberi ndefu, iliyoanza kulimwa New Jersey mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kazi ya Elizabeth White na Frederick Coville, na aina zake zisizohitaji baridi nyingi sasa hulimwa hata Kenya na Afrika Kusini. Bluberi mwitu huhitaji zaidi ya saa elfu moja za baridi ndipo matumba yafunguke, na karibu mavuno yote hugandishwa. Tunda lake ni dogo, hivyo ngozi yake ni nyingi zaidi ikilinganishwa na nyama, na rangi na ladha viko zaidi kwenye ngozi. Rangi hiyo yenyewe ni nyekundu iliyokolea sana. Buluu tunayoiona hutokana na nta nyembamba iliyo juu yake, inayorudisha mwanga wa buluu. Sugua tunda kwa kidole, buluu itafutika na kubaki weusi.

Afrika Mashariki ina ndugu wa mmea huu, Vaccinium stanleyi, katika milima ya Rwenzori. Tuna pia miti ya matunda ya mwituni isiyo ndugu zake: mikusu ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mifuru na mibula, ambayo matunda yake huokotwa na watoto na kuuzwa kandokando ya barabara. Sisemi tuichome, moto wa Maine unafaa kwa mmea wa Maine. Ninachosema ni kwamba tunda la mwituni laweza kuwa zao la biashara likiwa palepale lilipoota, ikiwa kuna mtu aliyechunguza linachavushwaje, linachipuaje na linataka udongo gani. Wabanaki walianza kwa kuangalia. Vyuo vyetu vya kilimo na maofisa wa misitu waende wakawasikilize wazee wanaoijua mikusu na mibula, waandike wanachoambiwa, wakipime shambani, kabla shoka halijafika.