Koti la Baridi na Koti la Lami

Mtu aliyelelewa pwani, akapangiwa kazi Njombe katika mwezi wa Juni, hustaajabu kuona kwamba katika mji huu, uliokaa kwenye kimo cha karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, hakuna anayehitaji kuhimizwa avae nguo nzito. Mwalimu, muuguzi, mchuuzi wa viazi na kijana wa bodaboda, wote hutoka alfajiri wamejitanda masweta, makoti na mizula, na pumzi zao hufuka mbele ya nyuso zao. Katika Dar es Salaam anayemshauri mpanda pikipiki kuhusu mavazi hupigana kwanza na jua. Huku kwetu jua limekwisha kusalimu amri, na nusu ya kazi ya mshauri imefanywa na Mwenyezi Mungu. Lakini wanunuzi wapya wa pikipiki wanapokuja kwangu kutaka shauri, hususan wale wanaolala Makambako na kufanya kazi Njombe, ambao hukata kilomita 60 hivi asubuhi na nyingine kama hizo jioni, kila mara naona kuwa swali walilokuja nalo ni la baridi, ilhali jibu wanalolihitaji ni la lami.

Baridi yenyewe si adui wa kudharauliwa. Hewa ya nyuzi 5 za Selsiasi, ambayo mtu aliyesimama barazani huistahimili kwa sweta moja, humpata mpanda pikipiki aendaye kilomita 60 kwa saa kama hewa iliyoshuka chini ya kiwango cha maji kuganda, kwa kuwa upepo wa mwendo huinyang'anya ngozi ule utando mwembamba wa joto unaoizunguka, wala hauipi nafasi ya kuufanya upya. Ongeza juu yake upepo wa Makambako, ambao wataalamu wa umeme wameupima kwa nia ya kuuvuna, na dhoruba ndogo ambayo kila lori huiacha nyuma yake, na utaona kwa nini vidole vya mkono wa kulia, ambavyo ndivyo vinavyoshika breki ya mbele, huwa vizito kabla safari haijafika nusu. Katika mwendo huo pikipiki hula karibu mita 17 kwa kila sekunde. Kwa hiyo kidole kilichochelewa nusu sekunde kwa ganzi kimekwisha kuongeza mita 8 katika umbali wa kusimama, nazo zatosha kabisa kukufikisha chini ya bodi la gari la nguzo.

Ndiyo maana ikazaliwa desturi ya kuvaa koti kinyumenyume, kifua kikifunikwa na mgongo wa koti na zipu ikiachwa wazi nyuma. Aliyeibuni alikuwa mtu wa akili, maana upepo hauna tena ufa wa kupenya, na simlaumu. Tatizo ni kwamba koti hilo halikufungwa popote. Mwenyewe akiteleza barabarani, mikono ikatangulia na mwili ukafuata, koti humvuka kama soksi iliyolegea, akabaki na shati, na safari yake juu ya lami ikawa bado haijaisha. Vazi la kuzuia upepo laweza kuwa koti lolote lile, hata gazeti lililokunjwa kifuani hufanya kazi hiyo vizuri. Vazi la kuzuia lami lina sharti la kwanza, nalo ni kubaki mahali pake mwilini.

Safari hiyo ya juu ya lami ina hesabu yake. Mtu aangukaye katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, asigonge kitu, huburuzika juu ya lami kavu kwa muda wa sekunde 2 na umbali wa mita 14 hivi kabla msuguano haujamsimamisha. Sekunde 2 ni kidogo kwa mtazamaji, lakini kwa kitambaa ni umri mzima. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mtaalamu Roderick Woods alitengeneza mashine inayodondosha kipande cha nguo juu ya ukanda wa msasa uendao mita 8 kwa sekunde, kisha huhesabu muda hadi kitoboke. Na kwa kipimo hicho kanuni ya Ulaya ya EN 13595 ilidai kwamba nguo ya pikipiki, katika sehemu ziguswazo kwanza na ardhi, yaani mabega, viwiko, nyonga na magoti, idumu sekunde 4 kwa daraja la kwanza na 7 kwa daraja la pili. Jinzi ya kawaida, ambayo wengi huitegemea kama ngao, huisha katika muda wa sekunde moja hivi. Sekunde za mashine si sawasawa na sekunde za barabara, lakini mpangilio wa nguvu za vitambaa ni uleule. Ama yale makoti manene ya kuvimba, yaliyojazwa pamba nyepesi na kufunikwa kwa nailoni, ambayo ndiyo fahari ya asubuhi za Njombe, hayo hupasuka mara moja. Na nyuzi za plastiki, zikipata joto la msuguano, huyeyuka na kugandamana na jeraha, kisha muuguzi hulazimika kuzibandua kwa koleo.

Hata neno ngozi lisimhadae mnunuzi. Ngozi ya koti la mapambo aghalabu haizidi milimita 0.8, na mshono wake ni mmoja tu. Ngozi ya koti la pikipiki huwa kati ya milimita 1.2 na 1.4, na mishono yake ni miwili au mitatu, mmojawapo ukiwa umefichwa ndani ili wa nje ukikatika wa ndani ushike. Shika mkono wa koti, vuta mshono kwa vidole gumba viwili, kisha tazama: ukiona nyuzi zikijitokeza kama meno, lirudishe kwenye rundo.

Nasema rundo kwa makusudi, kwa sababu ni katika marundo ya mitumba, na si katika maduka yenye vioo, ndiko mtu wa mshahara wa kawaida wa Makambako atakakopata vazi la kweli. Marobota yatokayo Ulaya huleta mara kwa mara koti la mpanda pikipiki ambalo mchuuzi mwenyewe halijui, akaliuza kwa bei ya koti lolote zito, au hata akaliteremshia bei kwa kuwa wateja huliona limekaa vibaya. Limekaa vibaya kweli, maana mikono yake imeshonwa ikiwa imepinda mbele, kama ya mtu aliyeshika usukani, na mgongo wake ni mrefu kuliko tumbo. Hiyo ni dalili ya kwanza. Ya pili ni mifuko ya ndani kwenye mabega na viwiko, ambamo hukaa vipande vya povu zito vya kumeza kishindo. Ukivitoa utaona vimeandikwa EN 1621-1, pamoja na herufi S kwa bega, E kwa kiwiko au K kwa goti, na tarakimu 1 au 2, na hiyo 2 ndiyo bora. Ya tatu ni kibandiko chenye picha ndogo ya mtu juu ya pikipiki, na katika makoti ya miaka ya karibuni maneno EN 17092 yakifuatwa na AAA, AA au A. AAA hudumu zaidi lakini ni zito na gumu. Kwa mwendo wa kila siku kati ya miji yetu miwili AA yatosha, na A ni afadhali mara nyingi kuliko koti la kuvimba. Jihadhari na herufi B, maana koti hilo halina vipande vya kumeza kishindo, na C, ambayo ni ya kivazi cha kubeba vipande hivyo tu, kisichozuia msuguano. Kama mifuko ipo na vipande vimepotea njiani kati ya Ulaya na Makambako, si hasara ya kukatisha tamaa, maana vipande vyaweza kuagizwa peke yake. Koti likikupwaya, fundi cherehani alibane kwenye mikono ili kipande cha kiwiko kisizunguke kikaenda kulinda hewa.

Baada ya kulisifu koti kiasi hiki, sina budi kuwakera wauzaji wake. Watafiti wa Australia, wakiongozwa na Liz de Rome, walichunguza wapanda pikipiki 212 waliopata ajali katika eneo la Canberra, na matokeo yao ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba uwezekano wa kulazwa hospitali ulipungua kwa asilimia 21 kwa aliyevaa koti la pikipiki, asilimia 51 kwa aliyevaa suruali yake, na asilimia 59 kwa aliyevaa glavu zake. Zaidi ya hayo, karibu makoti matatu kati ya kila kumi yaliharibika katika ajali. Huku kwetu tumeupindua mpangilio huo juu chini: mtu hununua koti kubwa, akaona ametimiza faradhi, kisha akapanda na suruali ya kadeti, viatu vya ofisini na mikono mitupu, au mikono iliyovikwa glavu za sufu.

Glavu za sufu nazifahamu. Asubuhi moja ya manyunyu, si mbali na mashamba ya miwati ya Kibena, tairi langu la mbele liliteleza katika mwendo ambao mwendesha baiskeli angeucheka, nikafanya kile ambacho kila mwanadamu hufanya bila kufikiri, nikatanguliza viganja. Sufu ilibaki barabarani. Kwa wiki tatu nilifungiwa vifungo vya shati na mke wangu, naye hakuacha kunikumbusha bei ya glavu za ngozi. Glavu ifaayo ni ya ngozi, ina kiraka cha pili chini ya kiganja, na zaidi ya yote ina mkanda wa kuifunga juu ya kifundo cha mkono, kwa kuwa glavu isiyofungwa huvuka kama lile koti la kinyumenyume. Zile za mafundi wa kuchomelea vyuma ni za ngozi nzuri, lakini ni pana na ngumu, haziruhusu kidole kuihisi breki. Ukitaka joto, vaa za sufu nyembamba ndani ya za ngozi.

Viatu havina maneno mengi. Watafiti walewale waliona kwamba hata buti ambalo si la pikipiki lilipunguza majeraha ya mguu na kifundo kwa zaidi ya nusu likilinganishwa na viatu vya kawaida, kwa hiyo buti la ngozi la aina ya jeshi, lenye shingo ipitayo kifundo, lafaa sana, mradi ncha za kamba zichomekwe ndani zisije zikanasa kwenye gia. Gambuti huzuia tope na hutoka mguuni kwa urahisi uleule linavyovaliwa. Kwa mama avaaye sketi, kitenge au baibui, suruali nzito ndani yake si kinga ya baridi tu, na vazi la juu likusanywe na kufungwa kabisa mbali na mnyororo na spoku.

Kofia ngumu nimeiacha nyuma kwa kuwa hakuna abishaye kwamba yahitajika. Ubishi uliopo ni ipi. Lawrence, yule Mwingereza aliyejulikana kwa vita vya Arabuni, alianguka na pikipiki yake mwezi wa Mei 1935 akiwa kichwa wazi, akafa baada ya siku sita. Na Hugh Cairns, mmoja wa matabibu waliomhudumia, hakulisahau tukio hilo, bali alikusanya habari za wapanda pikipiki waliopata majeraha ya kichwa, akazichapisha mwaka 1941, na mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawalazimisha wapanda pikipiki wake kuvaa kofia. Tangu hapo elimu imeongezeka. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2008 yalikadiria kwamba kofia hupunguza vifo kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Wala isidhaniwe kwamba ni mwendo wa kasi tu uuao: kichwa kidondokacho kutoka kimo cha mita 1.6, pikipiki ikiwa imesimama, hufika chini kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa.

Kinachookoa ubongo ni povu gumu jeupe lililo ndani ya gamba, jamaa wa lile lifungiwalo televisheni mpya katika boksi, ambalo husagika mara moja tu na kwa kusagika huko humeza kishindo. Ndiyo sababu kofia iliyokwisha kuanguka na kichwa cha mtu hubaki pambo, hata kama gamba lake linang'aa, na ndiyo sababu kofia ni kitu kimoja nisichokubali kinunuliwe mitumbani. Ukifungua bitana ukakuta sponji laini pekee, hiyo ni bakuli. Tafuta alama ya herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, na namba ya idhini ianzayo na 05 au 06. Chagua ifunikayo na kidevu, kwa kuwa Dietmar Otte wa Ujerumani, alipochora mahali kofia zilipogongwa katika ajali, aliona zaidi ya thuluthi ya mapigo yakiangukia sehemu ya kidevu, na zaidi ya hilo asubuhi za Julai zitakushukuru. Ivae, ifunge mkanda, kisha mwambie mtu aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, ni kubwa. Ichukue nyeupe. Uchunguzi wa New Zealand wa mwaka 2004 uliona hatari ya ajali imepungua kwa asilimia 24 kwa wenye kofia nyeupe kuliko wenye nyeusi, na kwa asilimia 37 kwa waliovaa nguo za kung'aa, na huko hawana ukungu wa Njombe.

Mvua zikianza Novemba, nunua koti la mvua la rangi ya njano au machungwa, pana kiasi cha kuvaliwa juu ya yote niliyoyataja. Na glavu zikilowa, zitundike kwenye upepo usiku kucha, usiziweke kando ya jiko la mkaa hata uwe na haraka namna gani, kwa maana ngozi iliyokaushwa kwa moto hukakamaa, ikapasuka kwenye mikunjo ya vidole, na asubuhi hutaweza kuikunja breki.