Plagi Gani kwa Injini Iliyoongezwa Nguvu?

Mlaji anayenunua plagi za gari lisilofanyiwa marekebisho hana sababu ya kufikiri sana. Kitabu cha gari hutaja namba, naye huinunua. Hali hubadilika pale mwenye gari, mara nyingi Subaru yenye tabo iliyoletwa ikiwa imetumika kutoka Japani, anapoongeza shinikizo la tabo au anapoandikiwa upya programu ya kompyuta ya injini. Kuanzia siku hiyo namba ya kitabuni huenda isitoshe, na anayeishi Songea ana sababu ya ziada ya kuwa mwangalifu: pistoni ikitoboka, injini ya kubadilisha itatafutwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 900 kwa barabara, na gharama yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya seti nzima ya plagi bora.

Plagi ina kazi mbili. Ya kwanza, kutoa cheche, inafahamika kwa wote. Ya pili ni kuondoa joto kwenye ncha yake, na hiyo ndiyo inayotajwa na namba ya daraja la joto. Joto hupita kwenye kauri nyeupe, likaingia katika gamba la chuma, likafika kwenye silinda hedi na hatimaye katika maji ya rejeta. Kauri ya ndani ikiwa ndefu, safari ya joto ni ndefu na ncha hubaki na joto. Hiyo huitwa plagi ya moto. Kauri ikiwa fupi, joto huondoka upesi; hiyo ni plagi ya baridi. Majina haya huwapotosha wanunuzi wengi. Plagi ya moto haitoi cheche kali zaidi, na plagi ya baridi haiongezi nguvu hata kidogo. Muuzaji anayedai kinyume chake ama hajui anachouza ama anajua vizuri sana.

Ncha inapaswa kufikia takribani nyuzi 500 za Selsiasi ili masizi yaungue yenyewe, na isizidi nyuzi 850 hivi. Chini ya kiwango hicho plagi huchafuka, injini ikaanza kumisi, kama mafundi wasemavyo. Juu yake ncha huwa kama kaa la moto: huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa kabla cheche haijatoka, wakati pistoni ingali inapanda. Madhara ya hali ya kwanza ni usumbufu na petroli inayopotea. Madhara ya hali ya pili yanaweza kuwa pistoni iliyoyeyuka ndani ya dakika chache. Kwa sababu hiyo, pale ambapo shaka inabaki kati ya madaraja mawili, tunashauri mlaji aelekee upande wa baridi.

Aelekee kwa kiasi gani? Kanuni ya jumla inayotumiwa na watengenezaji ni daraja moja la baridi kwa kila nguvu za farasi 75 hadi 100 zilizoongezwa kwenye injini. Mlaji azingatie ukubwa wa tarakimu hizo. Kubadilisha ekzosi na kichujio cha hewa peke yake hakufiki huko, na mwenye gari la namna hiyo abaki na plagi ya kitabuni. Aliyeongeza shinikizo la tabo na kuandikiwa programu mpya kwa kawaida huhitaji daraja moja. Madaraja mawili ni ya injini iliyojengwa kwa ajili ya mashindano, na hatuoni sababu ya kuyaweka katika gari la kwenda sokoni.

Hapa ndipo matumizi halisi ya gari yanapohitaji kutazamwa. Gari linalotoka Bombambili kwenda katikati ya mji na kurudi, asubuhi za baridi za Juni na Julai, halipati muda wa kuzipasha plagi zake. Likiwekewa plagi baridi mno, zitakuwa nyeusi kwa masizi baada ya muda mfupi. Gari hilohilo likipakiwa abiria wanne na mizigo na kupanda Lukumburu kuelekea Njombe, tabo ikisukuma kwa dakika nyingi mfululizo, litadai plagi inayoondoa joto haraka. Mwenye gari amweleze fundi safari zote mbili, si ile anayojivunia tu.

Mwinuko nao una sehemu yake. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Injini isiyo na tabo hupoteza huku takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, hivyo plagi ya baridi iliyochaguliwa Dar es Salaam kwa injini kama hiyo yaweza kuwa baridi kupita kiasi ikifika hapa. Injini yenye tabo haipati nafuu hiyo, kwa kuwa tabo hufidia upungufu wa hewa.

Mtego mkubwa zaidi kwa mnunuzi ni namba zenyewe. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion, namba ikipanda plagi inakuwa ya moto zaidi. Tena ngazi zao hazilingani: NGK namba 6 hukaribiana na Denso namba 20, na NGK 7 hukaribiana na Denso 22. Chukulia mtu mwenye gari lililokuwa na NGK 6, aliyeshauriwa kushuka daraja moja la baridi. Akienda dukani na kuomba “namba saba” bila kutaja kampuni, aweza kupewa Bosch 7, ambayo hukaribiana na ile ile aliyoitoa. Akipewa Bosch 8 kwa kudhani kwamba namba kubwa ni salama zaidi, amenunua plagi ya moto kuliko ya mwanzo kwa injini inayozalisha joto zaidi. Kwa hiyo aandike msimbo wote, herufi na namba, na aende nao. Katika plagi za NGK, BKR6E na BKR7E hutofautiana kwa daraja la joto tu. Herufi ya E huonyesha urefu wa uzi wa milimita 19. H ni milimita 12.7. Uzi mrefu kuliko unaotakiwa unaweza kugongwa na pistoni.

Plagi bandia huharibu hesabu zote hizi, maana namba iliyochapwa juu yake haina uhusiano wowote na kauri iliyo ndani. Mnunuzi aitoe kwenye boksi mbele ya muuzaji. Aangalie kama maandishi ya kwenye kauri yanafutika kwa kidole, kama uzi una makwaruzo, kama elektrodi ya kati imekaa upande, na kama washa inachomoka kirahisi. Dosari mojawapo kati ya hizo inatosha kuirudisha kaunta.

Ufungaji nao usidharauliwe, kwa kuwa joto hupita kwenye uzi na washa. Plagi iliyolegea huungua hata kama daraja lake ni sahihi. Kwa uzi wa milimita 14 wenye washa, katika silinda hedi ya alumini, kipimo ni nyutoni-mita 25 hadi 30. Gereji isiyo na spana ya kipimo ikaze plagi mpya kwa mkono mpaka igote, kisha izungushe nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko. Kwa shinikizo lililoongezwa, fundi pia apunguze nafasi ya cheche, mara nyingi hadi milimita 0.7 au 0.8, ili cheche isizimwe.

Lipo jambo ambalo plagi haiwezi kulitibu. Injini nyingi za tabo za Japani zilipangwa kwa petroli bora ya huko, ambayo kiwango chake cha okteni kwa viwango vya Japani hakishuki chini ya 96. Zikitumia petroli ya chini ya hapo bila programu kurekebishwa, hugonga. Plagi ya baridi haiondoi mgongo huo wa petroli. Anayeuziwa plagi kama dawa ya kugonga adai kwanza programu na mchanganyiko vikaguliwe.

Baada ya kilometa mia chache plagi zifunguliwe. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu meusi huashiria plagi baridi mno au petroli nyingi. Kauri nyeupe yenye malengelenge ni onyo la kusimamisha gari.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inahusu bidhaa bandia. Malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Mlalamikaji awe na risiti ya EFD yenye msimbo wa plagi, boksi lake, na plagi zenyewe, kila moja ikiwa imefungwa peke yake na kuandikwa namba ya silinda ilikotoka.