"Update" Isiyosasisha: Ijue apt Kabla ya Kubonyeza Enter

Wanachuo wenzangu mnaotumia Ubuntu au Debian, swali ninaloulizwa mara nyingi kwenye maabara ya kompyuta ni hili: "Nimeshapiga apt update, mbona programu bado ni ya zamani?" Jibu langu ni fupi: hujasasisha programu yoyote bado.

"apt update" inaleta orodha tu. Ni kama kumpigia simu mwenye duka akutajie mzigo mpya ulioingia. Ukikata simu, nyumbani hakijaongezeka kitu. Kazi ya kubadilisha programu zenyewe ni ya "apt upgrade". Sisi kwa Kiswahili yote mawili tunaita kusasisha, basi hapo ndipo tunapopotea.

Halafu kuna apt na apt-get. Hii ya pili ndiyo mkongwe. Apt ilikuja na toleo la 1.0 mwaka 2014 ili kumrahisishia mtumiaji wa kawaida. Ungedhani ni kitu kimoja, lakini sivyo. "apt-get upgrade" haiondoi kifurushi kilichopo wala haiongezi kipya. "apt upgrade" nayo haiondoi, ila huongeza kipya kikihitajika. Neno moja, tabia mbili.

Jina la "apt-get dist-upgrade" ndilo linalotisha zaidi, kana kwamba litakuhamisha toleo zima la mfumo. Lenyewe halikuhamishi. Tofauti yake ni kwamba linaruhusiwa kuondoa baadhi ya vifurushi ili vingine vipande toleo. Kwenye apt linaitwa "full-upgrade". Ukitaka kuhama toleo la Ubuntu, amri yake ni "do-release-upgrade".

Kuondoa nako kuna mtego. Umevuruga mipangilio ya Apache, ukapiga "apt remove", ukasakinisha upya, na kosa liko palepale. Sababu ni kwamba "remove" huacha faili za mipangilio ndani ya /etc. "purge" ndiyo huzifuta, ingawa nayo haigusi mipangilio iliyo kwenye folda yako binafsi. Na hili wengi hawalijui: ukiandika "apt install gimp-", kile kistari cha mwisho kinageuza maana, na GIMP inaondolewa!

Je, mwongozo hausemi? Unasema, ila fungua "man apt" uone: maelezo ni mafupi, na mengi unaelekezwa ukayasome kwenye ukurasa wa apt-get. Mtu mwenye kazi ya kukusanya kesho asubuhi hafiki huko.

Madhara yake si ya kufikirika. Mwaka 2021, Linus Sebastian wa Linus Tech Tips alitaka kusakinisha Steam kwenye Pop!_OS. Kwa hitilafu ya vifurushi, amri ya kusakinisha ikataka kuondoa mazingira yote ya dirisha. Onyo lilikuwepo, limefukiwa kwenye maandishi mengi. Aliandika sentensi ya kukubali, akabaki na skrini ya maandishi matupu. Baadaye watengenezaji wa APT waliikaza programu isiruhusu hilo kirahisi namna ile.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usiamini jina la amri, amini orodha inayokuonyesha kabla ya kuuliza kama uendelee. Tafuta sehemu yenye neno "REMOVED", au "REMOVING" kwenye matoleo mapya ya apt. Angalia pia ni MB ngapi zitapakuliwa, maana bando ni lako. Ukiona [Y/n], ile Y kubwa ina maana kwamba ukibonyeza Enter tu umeshakubali. Na ukiwa na wasiwasi, weka -s, kwa mfano "apt-get -s dist-upgrade": itakuonyesha kila inachotaka kufanya bila kugusa chochote. Hasa wiki ya kukusanya projekti, hizo sekunde chache ni za lazima.