Mwongozo wa programu ukiwa na pengo, akili mnemba hupotosha takwimu

MTUMISHI mpya katika ofisi ya takwimu za afya wilayani Lushoto hujifunza mengi kwa kuuliza. Waliomtangulia humweleza kwamba kisanduku kitupu si lazima kiwe sifuri, na kwamba Bumbuli sasa huhesabiwa peke yake.

Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopewa lengo kisha ikachagua yenyewe hatua na zana za kulifikia, hana mwenzake wa kumuuliza. Anachokijua kuhusu zana ni kile kilichoandikwa katika mwongozo wake. Mwongozo ukinyamaza, wakala hukisia, na kisio hilo hulitoa kwa sauti ileile ya uhakika.

Mfano ulio wazi ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kufikia mwaka 2013 ulikuwa umesambazwa katika mikoa yote ya Tanzania Bara, na hupokea takwimu za vitabu vya MTUHA kutoka zahanati, vituo vya afya na hospitali. Mbali na kurasa wanazotumia watumishi, unayo njia ya programu nyingine kusoma au kuingiza takwimu. Hiyo ndiyo njia ambayo wakala angeipitia.

Sifuri na kisanduku kitupu

Lushoto ilikumbwa na tauni mwaka 1980, na ugonjwa huo ulirudi mara kadhaa katika vijiji vya Usambara Magharibi miaka iliyofuata. Katika wilaya yenye historia hiyo, "hakuna mgonjwa" na "hakuna taarifa" ni mambo mawili yaliyo mbali sana.

Hata hivyo, kwa kawaida DHIS2 haihifadhi sifuri, isipokuwa msimamizi awe ameagiza kwamba sifuri ya kipengele fulani ihifadhiwe. Wakala anayekuta nafasi tupu kwa zahanati ya mlimani hawezi kujua kama mganga hakuona mgonjwa au ripoti haikufika.

Sentensi moja ingemwokoa: "Nafasi tupu si ushahidi kwamba ugonjwa haupo, kwanza hakikisha kituo kimewasilisha ripoti ya mwezi huo."

Majina, tarehe na saa

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 wilayani Lushoto, Bumbuli ikiwemo. Katika sensa ya 2022, Bumbuli ilihesabiwa kama halmashauri inayojitegemea. Wakala asiyeelezwa mabadiliko hayo anaweza kutangaza kwamba wakazi wa Lushoto wameporomoka, ilhali kilichobadilika ni mpaka.

Kwa sababu hiyo, mwongozo uonyeshe jina linahusu eneo gani na kuanzia mwaka gani. Aidha, uagize kutumia namba ya utambulisho badala ya jina tupu. Katika DHIS2 utambulisho huo una herufi na tarakimu 11, na huanza na herufi.

Vivyo hivyo kwa tarehe. Machi 2024 huandikwa 202403, na robo ya kwanza ya mwaka huo ni 2024Q1. Mwongozo unaosema "weka kipindi" bila mfano haujasaidia. Hata saa huhitaji ufafanuzi, kwani saa 2 asubuhi ya Kiswahili ni 08:00 katika kompyuta.

Kusoma si kuandika

Hatari kubwa zaidi ipo katika kuingiza takwimu. Bila maelekezo mengine, DHIS2 ikipokea takwimu ya kituo, kipengele na kipindi ambacho tayari kina takwimu, huiweka mpya mahali pa ile ya zamani. Mwongozo ni lazima useme hivyo waziwazi, ueleze jinsi ya kufanya jaribio lisilohifadhi kitu, na utaje hatua zinazohitaji idhini ya binadamu.

Mambo ya kuandika

Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa Model Context Protocol, utaratibu wa kuunganisha akili mnemba na zana. Humo kila zana hutambulishwa kwa jina, maelezo na mpangilio wa taarifa inazopokea. Nafasi ya maelezo ipo, lakini ubora wake ni juu ya mwandishi.

Mwandishi aeleze zana inafanya nini na haifanyi nini, lini isitumike, kila taarifa iwe katika umbo gani, jibu tupu lina maana gani, na kosa likitokea hatua gani ifuate. Mathalani, ujumbe "imeshindikana" humwacha wakala akirudia jambo lilelile, ilhali "kipindi kiandikwe kama 202403" humwongoza.

Kipimo chake ni rahisi. Mpe mwongozo mtu asiyewahi kuigusa zana hiyo, kisha uandike kila swali atakalouliza. Kila swali ni sentensi iliyokosekana, na ikiongezwa itamfaa pia mtumishi mgeni wa zahanati.

Mganga Mkuu wa Wilaya huamua pa kupeleka dawa na wataalamu kwa kuzitazama namba hizo. Kijiji ambacho ripoti yake haikufika hakistahili kuandikwa kuwa kizima.