Duka la baiskeli: Shule ya biashara isiyotoza ada

Na Mwandishi Wetu

KIJANA anayeajiriwa leo kuuza duka la baiskeli hachukui muda mrefu kabla ya kuanza kuangalia mlango. Nje anawaona wenzake wakipita na pikipiki za kubeba abiria, kila jioni wakihesabu fedha, wakati yeye anasubiri mshahara wa mwisho wa mwezi ambao mara nyingi ni mdogo. Swali linalomjia ni moja: abaki au aondoke?

Swali hilo lina msingi. Baiskeli haina tena nafasi iliyokuwa nayo zamani, pale mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa alipouza mavuno na kuiweka baiskeli miongoni mwa vitu vya kwanza vya kununua. Pikipiki kutoka China na India zimechukua sehemu kubwa ya soko hilo. Hata jina la bodaboda lilianza na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla ya kuhamia kwenye pikipiki.

Hata hivyo, kabla ya kijana huyo kuaga, ni vyema ajiulize swali la pili: ataondoka na nini? Duka la baiskeli linaweza kulipa kidogo kwa fedha, lakini linafundisha ufundi, hesabu na namna ya kuishi na wateja, vyote mahali pamoja. Anayeondoka bila mambo hayo huondoka mikono mitupu, hata kama amekaa miaka mitano.

Kazi inaanzia kwenye boksi

Baiskeli nyingi za mizigo, kama vile Phoenix ya China au Hero na Avon za India, hufika dukani zikiwa vipande ndani ya maboksi. Kuna fremu, ringi, mafungu ya spoku, cheni, pedeli na pakiti za gololi. Lazima apatikane mtu wa kuziunganisha. Katika baiskeli hizi za inchi 28, gurudumu la mbele kwa kawaida lina spoku 32 na la nyuma 40, kwa sababu nyuma ndiko kunakokaa mzigo. Spoku zisipokazwa kwa uwiano, ringi hupinda hata kama ni mpya.

Wauzaji wengi husema hiyo ni kazi ya fundi, wao ni watu wa kaunta. Hapo ndipo wanapopoteza. Muuzaji aliyewahi kupanga spoku kwa mikono yake anajua kwamba baiskeli mpya inapaswa kurudishwa dukani baada ya wiki mbili au tatu ili ikazwe. Kwa wakati huo spoku zimeshakaa mahali pake, nati zimeanza kulegea na pini zinazoshika mikono ya pedeli zinaanza kucheza. Ni kazi ya muda mfupi. Mteja asipoelezwa mapema, atarudi baada ya miezi miwili akilalamika kuwa ameuziwa baiskeli mbovu, na jirani zake wote watakuwa wameshasikia.

Thamani ya ujuzi huo inaonekana katika historia. Mwaka 1901 ndugu wawili wa mji wa Dayton, Marekani, Orville na Wilbur Wright, walimwajiri fundi aliyeitwa Charles Taylor aangalie duka lao la baiskeli wakati wao wakienda kufanya majaribio ya kuruka angani. Hakuajiriwa kwa ajili ya ndege. Lakini walipokosa kiwanda cha kuwatengenezea injini nyepesi, Taylor ndiye aliyeitengeneza kwa takriban wiki sita, sehemu kubwa kwa mashine za karakana ya duka hilo.

Injini hiyo iliirusha ndege yao Desemba 17, 1903, na mapangaboi yake yalizungushwa kwa cheni, kama ilivyo kwa gurudumu la baiskeli. Taylor alikuwa tayari siku nafasi ilipojitokeza, kwa sababu mikono yake ilishaijua kazi.

Faida imejificha kwenye vipuri

Mgeni katika biashara hii hudhani fedha zipo kwenye baiskeli nzima inayoning'inia dukani. Akikaa na daftari miezi michache, anaona picha nyingine.

Tuchukue mfano wa hesabu. Duka limeweka sh 1,800,000 kwenye baiskeli 10, kila moja sh 180,000, na kuziuza sh 200,000 kila moja. Zimechukua miezi mitatu kumalizika. Faida ghafi ni sh 200,000. Upande wa pili, duka limeweka sh 600,000 kwenye tairi, tyubu, cheni, gololi, breki na solusheni ya kuzibia pancha. Vipuri hivyo vinaisha kila mwezi na kununuliwa upya, vikiacha asilimia 20. Hiyo ni sh 120,000 kwa mwezi, au sh 360,000 kwa miezi mitatu.

Theluthi moja ya mtaji imeleta faida kubwa zaidi, kwa sababu fedha imezunguka mara tatu. Baiskeli huuzwa mara moja, lakini tairi lake litaisha, cheni italegea na tyubu itatoboka. Hivyo, baiskeli inamleta mteja na vipuri vinamrudisha.

Anayelielewa somo hili ameelewa biashara nyingi. Muuza pampu za umwagiliaji, mashine za kukoboa mpunga au simu hukutana na hesabu hiyo hiyo: ni kiasi gani cha mtaji kimelala, na ni kiasi gani kinatembea?

Namba ndogo, hasara kubwa

Somo la tatu ni umakini. Mzee anafika kutoka kijijini, anasalimiwa shikamoo, anaitikia marahaba mwanangu, kisha anaomba tairi la inchi 26. Muuzaji mvivu humpa la kwanza analoliona. Lakini tairi la 26 x 1 3/8 hukaa kwenye ringi ya milimita 590, wakati lile la baiskeli za milimani, kama 26 x 1.95, hukaa kwenye ringi ya milimita 559. Yote huitwa inchi 26, lakini moja haliwezi kukaa mahali pa jingine.

Dawa yake ni rahisi. Ubavuni mwa tairi huchapwa namba kama 37-590 au 50-559, ambapo tarakimu tatu za mwisho ni kipimo cha ringi kwa milimita. Muuzaji anayesema, "Mzee, tulitazame kwanza lile la zamani," anamwokolea mteja nauli ya kurudi. Anayekosea kwa sh 500 za haraka hupoteza mteja wa miaka 10.

Ndivyo ilivyo pia kwa cheni. Cheni iliyolegea hula meno ya friwili na ya gia ya mbele. Mteja akishauriwa abadili cheni mapema, duka linauza kitu kimoja badala ya vitatu. Kwa siku hiyo mauzo ni madogo, lakini safari nyingine mteja huyo hatauliza bei kwa jirani.

Msimu na daftari la madeni

Wateja wengi wa baiskeli za mizigo ni wakulima, na fedha za mkulima hufuata kalenda ya shamba. Katika maeneo ya pamba, ununuzi wa zao hilo kwa kawaida hufunguliwa katikati ya mwaka. Duka linaloagiza mali wakati wakulima wameshalipwa limechelewa, na lile linalojaza stoo wakati wa palizi huifunga fedha yake kwa miezi.

Kipindi cha njaa ya fedha ndicho kipindi cha maombi ya mkopo. Kukataa wote ni kufukuza wateja, na kukubali wote ni kufunga duka. Kijana anayejifunza kuandika kila deni siku ile ile, jina, kiasi na tarehe ya kulipa, na kujua nani wa kupewa tyubu kwa mkopo na nani wa kuombwa radhi kwa upole, anapata ujuzi ambao hata benki huutafuta kwa maofisa wake wa mikopo.

Walioanza na vipuri

Ushahidi kwamba ngazi hii inapanda juu upo. Nchini India, ndugu wanne wa ukoo wa Munjal walianza kwa biashara ya vipuri vya baiskeli huko Amritsar mwaka 1944. Baadaye walihamia Ludhiana, na mwaka 1956 wakaanza kutengeneza baiskeli za Hero. Mwaka 1986 kampuni yao iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kama mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa baiskeli duniani. Pikipiki zilipokuja, hawakulia. Mwaka 1984 waliungana na Honda ya Japani kuzitengeneza.

Uingereza nako, William Morris aliajiriwa akiwa kijana kwa muuzaji na mtengenezaji wa baiskeli mjini Oxford. Aliomba nyongeza ya mshahara, akanyimwa. Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 16 na mtaji wa pauni 4, alianza kutengeneza baiskeli nyumbani kwa wazazi wake. Mwaka 1913 alitoa gari lake la kwanza, na jina lake likaja kujulikana hata katika barabara za Afrika Mashariki.

Morris hakukaa muda mrefu kwa mwajiri wake, lakini aliondoka akiwa na kazi mikononi. Anayeondoka kwa hasira tu huenda kuanza upya kila mahali.

Jipime kabla ya kuaga

Kwa kijana aliye dukani leo, kipimo ni hiki. Je, unaweza kuunganisha baiskeli kutoka kwenye boksi hadi ipande barabarani bila kumwita fundi? Je, unaweza kutaja vipuri 10 vinavyotoka haraka kuliko vyote na faida ya kila kimoja? Je, kuna wateja wanaokuulizia kwa jina usipokuwepo? Je, muuzaji wa jumla anaweza kukuamini na mzigo mdogo kwa neno lako?

Kama majibu ni hapana, bado hujamaliza shule, na kila mwezi unaolipwa mshahara unalipwa pia kujifunza. Mwombe mwenye duka akupe siku moja ya karakana kwa wiki na akuruhusu kushika daftari la stoo. Wamiliki nao wajue kwamba mfanyakazi asiyefundishwa ni ghali kuliko anayeondoka akiwa fundi.

Kama majibu ni ndiyo, basi unaweza kubaki na kudai nyongeza kwa hoja, au kuondoka na kufungua chako, hata kama kitakuwa meza ya vipuri vya pikipiki pembeni mwa barabara.