Mafuta ya Mwarobaini Yanaelea Kwenye Pampu? Soma Hapa Kabla Hujapiga

Msimu wa nyanya swali hili silikosi: "Afisa, nimepiga mwarobaini, mistari ya kwanza wadudu wako palepale, mistari ya mwisho majani yameungua. Nimeuziwa feki?" Mara nyingi mimi naanza kwa kuuliza alivyochanganya.

Mafuta na maji havichangamani. Ukitikisa, mafuta yanakatika kuwa matone tu. Mwaka 1934 mwanasayansi wa Uingereza, G. I. Taylor, alieleza kinacholipata tone hilo. Maji yanayotembea hulivuta lirefuke kama punje ya mchele. Mvutano wa uso wake nao hulirudisha liwe duara. Mvuto wa maji ukishinda, tone linakatika. Ukiacha kutikisa mapema, linajirudia kuwa duara, ukubwa uleule.

Tone kubwa hukatika kirahisi, dogo ni gumu. Ndiyo maana kutikisa mara mbili tatu hakutoshi. Sabuni inapunguza ule mvutano, hivyo kwa nguvu ileile unapata matone madogo zaidi, na inayazuia yasiungane tena haraka.

Bila sabuni, matone huungana na kupanda juu, maana mafuta ni mepesi kuliko maji. Pampu inavuta kutoka chini. Kwa hiyo unaanza kupiga maji matupu, unamalizia na mafuta mazito yanayounguza majani. Hela imeenda na mimea imeumia.

Fanya hivi:

1. Pima kwa lebo. Ikisema ml 5 kwa lita, pampu ya lita 16 inataka ml 80.
2. Changanya mafuta na sabuni ya maji kidogo kwanza, kisha ongeza maji ya uvuguvugu kidogokidogo huku ukikoroga kwa nguvu mpaka iwe nyeupe kama maziwa.
3. Mimina kwenye pampu yenye maji nusu, jazia, tikisa.
4. Endelea kuitikisa kila baada ya mistari michache. Usilaze mchanganyiko hadi kesho.

Dawa iliyoandikwa EC ina kichanganyishi chake tayari. Usiiongezee sabuni, ila kutikisa kuko palepale.

Ukiwa na wasiwasi, weka mchanganyiko kidogo kwenye chupa angavu, subiri dakika 10. Ukiona mafuta yametengana juu, koroga upya kabla ya kubeba pampu. Kazi njema.