Lami Ikikauka, Joto Huenda Wapi?

Mvua ya vuli ikikatika mchana jijini Dar es Salaam na jua likatoka tena, lami iliyokuwa ikiunguza nyayo saa moja kabla huanza kufuka mvuke. Haipiti nusu saa, barabara imekauka, na kilichobaki ni vidimbwi kwenye mashimo na mchanga uliokusanyika kando ya mtaro. Hatua chache kutoka hapo, chini ya mwembe, udongo bado ni mweusi kwa unyevu na utabaki hivyo hadi kesho yake. Anayetazama mawili hayo hawezi kulaumiwa akisema kwamba lami hugeuza maji kuwa mvuke kuliko udongo, na kwamba kadiri tunavyosakafia jiji ndivyo tunavyorudisha maji mengi zaidi angani. Macho yake yameona sawasawa. Alichopima, hata hivyo, ni kasi. Kiasi hajakipima, na humo ndimo lilimo tatizo lote la miji yetu kuzidi kuwa na joto.

Chukua ua wa nyumba wenye mita 10 kwa 10, uliofunikwa kwa zege au pevingi na kupewa mwinamo kuelekea getini, kama mafundi wengi wanavyofanya. Mvua ya milimita 20, ambayo si ngeni kabisa kwa masika au vuli, inaumwagia ua huo lita 2,000 za maji. Uso mgumu wenye mwinamo hubakiza juu yake utando wa milimita moja au mbili tu, yaani lita 100 hadi 200. Huo ndio unaokauka haraka machoni petu. Zilizobaki, lita 1,800 hivi, zimeshatoka getini, zimeingia mtaroni, na zikibahatika kutokwama kwenye taka zitafika baharini bila kuvukizwa hata tone na jua la mtaa ule. Udongo wenye mimea hufanya kinyume: huyanywa maji hayo kwanza, kisha huyatoa polepole kwa siku na wiki zinazofuata, sehemu ikipitia juu ya udongo na sehemu kubwa ikipanda kwenye mizizi hadi kwenye majani. Jumlisha mwaka mzima, na Dar es Salaam hupata milimita 1,000 hivi za mvua kwa mwaka, uone pengo lilivyo. Lami huvukiza kwa pupa mara chache. Udongo huvukiza kidogo kidogo kila siku.

Kwa nini jambo hilo lihusu joto? Kwa sababu maji hayageuki mvuke bure. Kuivukiza lita moja ya maji kunahitaji nishati karibu mara saba ya ile ya kuyachemsha maji hayo kutoka nyuzi 20 hadi 100. Joto hilo haliongezi hata nyuzi moja kwenye kipimajoto. Hujificha ndani ya mvuke na kuondoka nao kwenda juu, ndiyo maana wanafizikia wakaliita jotofiche. Ua wetu wa mita 10 kwa 10, ukiwa na nyasi na miti iliyopata maji ya kutosha, unaweza kutoa milimita 3 za maji kwa siku, sawa na lita 300. Nishati inayotumika hapo ni zaidi ya uniti 200 za umeme, zile zile tunazonunua kwa LUKU, kwa siku moja tu. Yote imelipwa na jua. Ukiuziba ua, jua halipunguzi malipo yake. Uniti zile zile hushuka, lakini kwa kukosa maji ya kuvukiza huishia kupasha zege, ukuta na hewa inayoingia dirishani.

Rangi nyeusi ina mchango wake, kwani lami mpya hurudisha chini ya sehemu moja ya kumi ya mwanga wa jua. Wapo wanaodai kwamba dawa basi ni kutumia vitofali vyeupe au kupaka rangi. Inasaidia, tena si kidogo mchana, lakini uso mweupe usiopitisha maji bado ni uso mkavu. Na kinachomezwa na zege mchana hutapikwa usiku. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwingereza Luke Howard alipima hali ya hewa ya London na ya mashamba ya jirani akaona kwamba usiku ndipo jiji lilipozidi mashamba hayo kwa joto. Walala hoi wa vyumba vya bati wasio na feni wanalipa gharama hiyo kwa usingizi wao, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kulichukua suala hili kwa uzito.

Hoja ya kwanza inayopinga ni nzuri: wakati wa kiangazi, mchanga mtupu wa Pwani nao hukauka, basi una faida gani kuliko pevingi? Ni kweli kwamba udongo usio na mimea hupunguza sana uvukizi mara tabaka lake la juu linapokauka. Wakulima wanalijua hilo. Wakitifua shamba, ule udongo mkavu wa juu huwa kama blanketi linalozuia unyevu wa chini usitoke. Lakini mwembe na mwarobaini haisubiri tabaka la juu. Mizizi yake hufuata maji ya masika yaliyozama chini, na ndiyo maana miti hiyo huwa ya kijani wakati nyasi zimegeuka kahawia. Uwanja uliofagiliwa ukawa mtupu na kushindiliwa na magari haujaokolewa kwa sababu tu hauna zege.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Dar es Salaam si Dodoma. Hewa yake imejaa unyevu, na kuongeza mvuke si kuongeza fukuto? Mahali ambapo hewa imesimama, naam, jasho hukauka kwa shida zaidi. Ila mji wa mwambao una upepo wa bahari, na mvuke wa majani huchanganyika na hewa na kupanda badala ya kubaki kifuani mwa mtu. Pia mwili mchana hausumbuliwi na hewa peke yake: unachomwa na jua kutoka juu na mng'ao wa joto kutoka chini, na mti huyakata yote mawili. Kwa hiyo simshauri mtu achukue maji ya bomba akamwagie barabara. Ninachotetea ni mvua, iliyokuja bure, ipate mahali pa kukaa.

Kuna wanaosema matope na mbu ndivyo vilivyotufanya tusakafie, na hawasemi uongo. Njia ya gari na ya miguu inahitaji uso mgumu. Nafasi iliyobaki haihitaji. Pevingi yenyewe hupitisha maji kwenye viungo vya mchanga, mradi isilazwe juu ya zege wala viungo visijazwe saruji. Tusidanganyane kuhusu mafuriko: mvua kama ile ya Zhengzhou, China, ya Julai 2021, zaidi ya milimita 200 kwa saa moja, haitamezwa na bustani yoyote, na bonde la Msimbazi litahitaji kazi kubwa kuliko nyua za watu. Hesabu ya uvukizi haitegemei siku hizo chache za balaa. Inategemea mvua ndogo na za wastani zinazorudi mara kwa mara, na hizo ua wa kawaida unazimudu.

Kwa anayejenga sasa, uamuzi hufanyika siku fundi anapovuta kamba ya kupimia mwinamo. Kamba ikielekea getini, lita 1,800 zinakwenda barabarani. Ikielekea kwenye shina la mwembe, penye duara la udongo lililoachwa wazi na shimo lililojazwa kokoto kando yake, hatua chache kutoka ukutani, maji hayo yanazama, na Januari mti utakuwa bado unayatoa kwenye majani.